Pembe, Kamba na Sandarusi: Maneno ya Jiometri na Umeme Yakitazamwa Kutoka Kilwa

Neno pembe lina kazi tatu katika Kiswahili, na huko Kilwa Kisiwani zote tatu zilikuwa kazi za riziki. Kuna pembe ya mnyama. Kuna pembe ya ndovu, iliyoshuka kutoka bara ikapakiwa vyomboni kwenda ng'ambo pamoja na dhahabu ya Sofala. Na kuna pembe ya nyumba, pale kuta mbili zinapokutana, ambapo fundi akikosea kidogo chini, huko juu jengo zima linakwenda upande. Ukifuata asili ya neno la Kiingereza "corner" unafika kwenye neno la Kilatini "cornu", na maana yake ni pembe ya ng'ombe. Hapa hakuna aliyemkopa mwenzake. Waroma hawakujifunza neno hilo kwa watu wa pwani, wala watu wa pwani hawakulisikia Roma. Kila mmoja alitazama kichwa cha mnyama, akatazama ukuta, akaona vimefanana. Ndugu ya neno hilo, "angle", linatokana na Kilatini "angulus", na ukoo wake ni mmoja na neno linalotaja kifundo cha mguu. Wagiriki nao waliita pembe "gonia", neno ambalo wanaisimu wengi wanalihusisha na goti. Pembe ya mnyama, kifundo, goti: hivyo ndivyo walivyoanza wale tunaowahesabu kuwa mabingwa wa jiometri.

Naanza na neno hili moja kwa sababu linabeba hoja yote ninayotaka kuitetea. Maneno ya Kiingereza ya jiometri na umeme, ambayo mwanafunzi wa sekondari Kilwa Masoko au Lindi mjini huyapokea kama majina yaliyoshuka yakiwa yamekamilika, yalizaliwa mikononi mwa wajenzi, wapimaji wa nguo na mashamba, mabaharia na wachuuzi. Pwani ya Kilwa ilikuwa na watu wa kazi hizo hizo, na walikuwa na maneno ya namna hiyo hiyo. Kwa hiyo anayesema kwamba lugha moja ilizaliwa na uwezo wa sayansi na nyingine haikujaliwa, hajachungulia ndani ya maneno yenyewe. Tofauti ipo, siikani. Lakini ni tofauti iliyotengenezwa na historia ya shule.

Tuanze na mawe, maana mawe hayasemi uongo. Juu ya jabali linalotazama bahari, mashariki ya magofu ya mji, limesimama jumba la Husuni Kubwa. Alilijenga Sultani al-Hasan bin Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14, huyo huyo ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta akitawala alipofika Kilwa mwaka 1331. Jumba lina vyumba zaidi ya 100, na katikati ya fahari yake kuna bwawa la kuogea lenye pembe nane. Mtu anayepita haraka huona bwawa tu. Mtu anayejua ujenzi huona swali la jiometri lililokwisha kujibiwa. Umbo la pembe nane zilizo sawa halipatikani kwa kukadiria kwa macho. Makosa ya pembe ya kwanza hujikusanya, na ukifika ya nane unakuta mstari wa mwisho haukutani na wa kwanza. Njia mojawapo ya kulipata haihitaji chochote ila kamba na vigingi. Unapiga mraba. Unavuta kamba kutoka pembe moja hadi pembe inayoitazama, na huo ndio ulalo. Unachukua kamba yenye urefu wa nusu ya ulalo huo, unafunga ncha moja kwenye pembe ya mraba, na ncha ya pili unaizungusha mpaka ikate pande mbili za jirani. Ukirudia hivyo katika pembe zote nne unabaki na alama nane, na ukiziunganisha kwa zamu umepata umbo lako bila kuandika tarakimu hata moja. Msikiti Mkuu nao, uliopanuliwa zamani za sultani huyo huyo, ukaanguka, ukajengwa upya katika karne ya 15, una kuba na matao juu ya safu za nguzo. Kuba ni duara, na chini yake ni chumba chenye pembe nne. Kuivusha pembe nne mpaka kwenye duara, kwa matumbawe na chokaa, bila paa kumwangukia imamu, ni kazi ambayo Mgiriki Euclid angeitambua, hata kama asingelielewa neno hata moja la waliokuwa wakiifanya.

Maneno yao tunayo bado, kwa kuwa mafundi wa leo wanayatumia. Timazi ni uzi wenye uzito unaoonyesha wima wa ukuta. Bikari ni chombo cha kupigia duara. Neno limetoka Uajemi, likapita kwa Waarabu, likafika hapa. Kuba na tao hazihitaji maelezo. Vipimo vilitoka mwilini: shibiri, yaani kitanga kilichotanuliwa kutoka ncha ya dole gumba hadi ya kidole cha mwisho, mkono au dhiraa, ambao ni shibiri mbili, na pima, ambayo ni mikono minne, urefu wa mtu aliyenyosha mikono yake yote miwili. Angalia jambo hili: pima ni jina la kipimo, na pima ni tendo lenyewe la kupima. Mwili wa mtu na elimu ya vipimo vimelala katika neno moja. Hata upana wa vyumba vya mawe vya pwani hii uliamuliwa na kitu kinachoshikika, maana dari ilikaa juu ya boriti za mikoko, na boriti nzuri haivuki kirahisi nafasi ya mita tatu. Ndiyo maana vyumba vya kale kuanzia Kilwa hadi Lamu ni virefu na vyembamba. Mti wa baharini ulimwekea mjenzi mpaka, na mjenzi akajifunza kupanga ndani ya mpaka huo.

Sasa tuvuke tuone upande wa pili wanaanzaje. "Geometry" ni Kigiriki, na maana yake kupima ardhi. "Line" ni uzi wa kitani: Kilatini "linea" kimetoka katika "linum", mmea wa kitani chenyewe. Mstari ulio safi kuliko yote, ule ambao kitabu kinasema una urefu na hauna upana, ulianza kama uzi alioutandika fundi. "Radius" ilikuwa njiti ya gurudumu la gari la kukokotwa. "Centre" limetoka katika neno la Kigiriki la mchokoo, kile kijiti chenye ncha kali cha kuswagia ng'ombe; kwa kuwa mguu mmoja wa bikari huchoma mahali pamoja wakati wa pili ukizunguka, kitone kile kikaitwa mchomo. "Cylinder" ni gogo la kuviringisha, "cone" ni tunda la msonobari, na "trapezium" ni kimeza kidogo. Hakuna hata moja lililozaliwa na mtaalamu akiwa peke yake na fikra zake. Kila moja lilikuwa na jasho na vumbi kabla halijawa na fasili.

Ukiyaweka haya kando ya istilahi za Kiswahili zinazofundishwa katika shule za msingi, unaona jinsi zilivyo ndugu. Kinachopita katikati ya duara kutoka ukingo hadi ukingo kinaitwa kipenyo, kwa sababu kinapenya. Kwa maoni yangu ni neno bora kuliko "diameter", ambalo Mgiriki alimaanisha tu kipimo cha kupitia kati. Kinachozunguka ni mzingo. Kinacholala kutoka pembe hadi pembe ni ulalo. Umbo lililochongoka kama tunda la msonobari sisi tunaliita pia, jina la kile kidude ambacho watoto hukizungusha kwa kamba. Mgiriki alitazama mti wake, Mswahili akatazama mchezo wa watoto wake. Na digrii za pembe tunaziita nyuzi. Kiingereza kimechukua neno la Kilatini lenye maana ya hatua au kidato. Kiswahili kikachukua uzi. Katika Kilwa, ambako wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta kwa wingi vigurudumu vidogo vya udongo vya kusokotea pamba, sioni jina linalofaa zaidi kuliko hilo.

Wapo watakaosema: haya ya kipenyo na pembe sawa, lakini mengine mengi si yetu. Mraba, mstatili, mstari, duara, kuba, dhiraa, hata hesabu yenyewe, yote ni ya Kiarabu. Ni kweli, na hakuna haja ya kuficha. Lakini kipimo hicho kikitumika kwa haki, Kiingereza kitabaki na nini? Katika maneno niliyoyataja juu hakuna hata moja ambalo wakulima wa Uingereza walilizaa wenyewe. Yamekopwa kwa Waroma na Wagiriki, na mengine kama "algebra", "zenith" na "azimuth" yamekopwa kwa Waarabu wale wale. Safari ya neno "sine" peke yake inatosha kumnyamazisha mtu. Wahindi waliita "jya", yaani upote wa upinde. Waarabu wakalisikia wakaliandika kwa herufi zao. Waliokuja baadaye wakalisoma "jaib", yaani mkunjo wa nguo kifuani. Wafasiri wa Ulaya wakaligeuza kuwa "sinus", neno lao la mkunjo na ghuba. Leo mtoto wa Kiingereza anatamka ghuba huku akimaanisha nusu ya upote, na hakuna anayesema kwamba neno hilo si lake. Bahari iliyolibeba neno hilo kutoka Bara Hindi hadi nchi za Waarabu ndiyo bahari inayopiga ukuta wa Gereza, ngome ya Kilwa Kisiwani. Ahmad ibn Majid, nahodha mkubwa wa karne ya 15, aliitaja Kilwa katika utenzi wake wa njia ya Sofala, na mabaharia wa zama zake walipima kimo cha nyota kwa kibao na kamba yenye mafundo, wakihesabu kwa vidole: kidole kimoja kilikuwa zaidi kidogo ya digrii moja na nusu. Uzi tena, na mwili tena.

Ukopaji, zaidi ya hayo, una alama za umiliki. Neno sakafu kwa Waarabu ni paa au dari. Kwa Mswahili ni chini, pale anapokanyaga. Kwa nini? Kwa sababu nyumba ya mawe ya pwani ilikuwa na paa bapa la chokaa iliyopondwa, na paa la chini ndilo lililokuwa chini ya miguu ya aliye juu. Mjenzi alilichukua neno, akapanda nalo ngazi, likageuka. Mwenye neno ni yule anayeweza kulifanyia kazi hata likabadilika. Kwa kipimo hicho sakafu ni la Kiswahili kama chokaa iliyomo ndani yake.

Kuna kisa katika historia ya Kiingereza ambacho natamani kila mwalimu wa hisabati wa Tanzania akijue. Mwaka 1551, huko London, Robert Recorde alichapisha kitabu cha jiometri kwa Kiingereza, wakati ambao wasomi waliamini kwamba elimu hiyo ina lugha yake, nayo ni Kilatini. Ni Recorde huyu aliyebuni alama ya sawasawa mwaka 1557. Alikuwa na tatizo lile lile la kamati zetu za istilahi: vitu anavijua, majina hana. Basi akayaunda kwa maneno ya nyumbani. Pembe ndogo akaiita kona kali, pembe kubwa akaiita kona butu, "tangent" akaiita mstari wa kugusa. Maneno yake mengi yalikufa. Waingereza waliomfuata walisomeshwa katika shule za Kilatini, nao wakarudi kwenye "acute" na "obtuse", ambayo kwa Kilatini maana yake ni kali na butu tu. Darasani kwetu leo mtoto anajifunza pembe kali na pembe butu. Kiswahili kimefanikiwa kulinda kile ambacho Recorde alishindwa kukilinda, na mtoto wa Nangurukuru akisikia pembe kali anajua kabla ya kufundishwa kwamba ni ile inayochoma.

Hapo mpinzani makini ataona mwanya. Ikiwa maneno ya Recorde yalikufa, kwa nini haya yetu yasife? Jibu liko katika sababu ya kifo chenyewe. Yalikufa kwa kukosa madarasa. Lugha ya kawaida haikuyaua. Elimu ya msingi Tanzania imekuwa kwa Kiswahili tangu mwaka 1967, ndiyo maana kipenyo na mzingo ni maneno hai, yaliyokwisha kupita vinywani mwa mamilioni. Istilahi zinazosinzia ni zile za sekondari: zilibuniwa, zikachapishwa, kisha zikakosa darasa la kuingia. Neno halifi kwa ubaya wake. Hufa kwa njaa.

Nikigeukia umeme, pwani ya Lindi inanipa ushahidi ambao sikutarajia ungekuwa mzito hivi. Wagiriki waliona kwamba kaharabu, ule utomvu wa miti ya kale uliogeuka jiwe la manjano, ukisuguliwa kwa nguo huvuta makapi na manyoya. Kaharabu kwao iliitwa "elektron". Mwaka 1600 tabibu wa Uingereza William Gilbert aliviita vitu vyote vyenye tabia hiyo vitu vya namna ya kaharabu, na mwaka 1646 Thomas Browne akaandika "electricity" kwa Kiingereza. Neno zima la zama zetu, lililo juu ya nguzo na mita na bili, maana yake ya kwanza ni ukaharabu. Waarabu wa leo nao wanaita umeme "kahrabaa", neno la Kiajemi lenye maana ya mnyang'anya makapi, na ndilo hilo tulilolipokea sisi kwa jina la kaharabu, tukalibakiza kwenye shanga na tasbihi.

Nyuma ya Kilwa na Lindi, katika ardhi nyekundu ya mrima, kulikuwa na ndugu mdogo wa kaharabu. Sandarusi ni utomvu wa msandarusi uliozama ardhini pale misitu ilipokufa, ukakauka, ukawa mgumu na wazi kama kioo, mara nyingine na mdudu ndani. Watu waliuchimba kwa majembe, wakauuza kwa wafanyabiashara wa pwani. Ukaenda Unguja, na kutoka huko Bombay, Hamburg na Salem ya Marekani, kuwa vanishi ya magari ya farasi na samani. Katika karne ya 19 sandarusi ya pwani hii ilihesabiwa kuwa miongoni mwa zilizo bora duniani. Sandarusi si kaharabu, maana umri wake ni mdogo mno. Lakini ukiisugua nayo huvuta makapi. Mwaka 1733 Mfaransa Charles du Fay alipogundua kwamba umeme wa kusugua uko wa namna mbili, mmoja aliuita wa kioo na mwingine wa utomvu, na katika mifano ya huo wa pili alitaja kaharabu, na mara baada yake kopali. Kopali ndilo jina ambalo Wazungu waliipa hata sandarusi yetu, nalo ni neno la wenyeji wa Mexico. Sisemi kipande alichokishika du Fay kilitoka Lindi. Nasema kwamba kitu cha jamii hiyo hiyo, kilichoshiriki kuupa umeme maneno yake ya mwanzo, kilikuwa kikipimwa kwa mizani katika maduka ya Kilwa Kivinje, na waliokipima walikiona kuwa bidhaa ya vanishi ya watu wa mbali.

Kwa nini basi Mswahili hakuuita umeme kwa jina la sandarusi? Kwa sababu yeye alikutana nao kwa mlango mwingine. Lugha yetu inapambanua mambo matatu ya mvua kubwa: ngurumo ni sauti, radi ni pigo, na umeme ni ule mwanga unaomweka. Nguvu mpya ilipofika ikiwa imefungwa ndani ya glopu, watu walichagua neno la mwanga. Na chaguo hilo lina ukweli wa kisayansi kuliko lile la kaharabu. Mwaka 1752 majaribio yaliyopendekezwa na Benjamin Franklin, yakafanywa kwanza Ufaransa, yalithibitisha kwamba kinachomweka mawinguni ndicho kile kile kinachovuta makapi mezani. Kiingereza kilihitaji majaribio hayo ili kuyaunganisha mambo mawili yenye majina mawili. Kiswahili kinamkabidhi mtoto jambo hilo likiwa tayari limo katika jina. Ndugu zetu wa Kenya wakasema stima, kwa kuwa kwao nguvu hiyo iliingia na kumbukumbu ya mashine za mvuke na meli zake. Makapi, mwanga wa mawinguni, meli: kila jina linaonyesha mlango ambao mgeni aliingilia.

Maneno ya ndani ya fani yanafuata njia hiyo hiyo, na hapa bahari ya Kilwa inayaelewa vizuri mno. "Current" ni mwendo wa maji, na Kiswahili kikasema mkondo. Watu wa pwani hii wana haki ya neno hilo, maana mkondo mkuu wa Bahari ya Hindi unaotoka mashariki hupiga pwani karibu na Rasi ya Delgado, kusini yao, ukagawanyika, na tawi moja likapanda kaskazini kupita mbele ya Lindi na Kilwa. "Insulator" ni neno la kisiwa: Kilatini "insula". Kuzuia umeme usivuje ni kukifanya kitu kuwa kisiwa, kukizungushia kisichopitika. Istilahi yetu ni kihami, kutoka kuhami, kulinda. Ni nzuri, lakini nani angeielewa picha ya asili kuliko mtu wa Kilwa Kisiwani, ambaye mji wake ulilindwa na mlango wa bahari? "Charge" lilikuwa kupakia mzigo garini. Waarabu walipotafuta neno lao walichukua lile la shehena, na katika vitabu vyao vya fizikia shehena ya chombo na chaji ya umeme ni neno moja hadi leo. Sisi tuna shehena, tumeipakia majahazini kwa karne nyingi, kisha tukaenda kukopa chaji. Sidai tuirudishe kwa nguvu; chaji imekwisha kukaa, na simu za watu zinaijua. Nasikitika tu kwamba nafasi ilipita mlangoni petu na hatukuiita.

Pingamizi la mwisho ndilo zito. Mtu atasema kwamba asili ya neno si maana yake. Umeme si kaharabu, na mwanafunzi akijua kwamba "radius" ilikuwa njiti ya gurudumu bado hajajua kukokotoa eneo la duara. Atasema pia kwamba Historia ya Kilwa, yale masimulizi ya kale ya mji huo, inasimulia wafalme zaidi ya mafundi, na ujenzi hodari hautoshi kuitwa sayansi pasipo uthibitisho ulioandikwa. Nayakubali yote mawili. Kamba inayotoa pembe nane haielezi kwa nini inazitoa. Kueleza kwa nini ni kazi ya Euclid na wanafunzi wake, na kazi hiyo haina njia ya mkato. Lakini hoja yangu haikuwa kwamba neno linafundisha. Ninachosema ni kwamba linafungua mlango. Anayejua kwamba mstari ulikuwa uzi, na pembe ilikuwa pembe, haogopi fasili inapokuja, kwa sababu anaona imeanzia mahali ambapo yeye mwenyewe amesimama. Asiyejua hukariri sauti. Masomo ya sekondari yakiendelea kufundishwa kwa Kiingereza, ni wajibu zaidi, si pungufu, kumwonyesha kijana kwamba sauti hizo nazo zilikuwa uzi, goti na mzigo.

Mwaka 1974 gesi asilia iligunduliwa katika kisiwa cha Songo Songo, wilayani Kilwa. Tangu mwaka 2004 inasafiri kwa bomba chini ya bahari, kisha nchi kavu zaidi ya kilomita 200, hadi Ubungo, Dar es Salaam, kuzalisha umeme. Kwa hiyo pwani iliyouza sandarusi sasa inauza umeme wenyewe. Kijana wa Kilwa anastahili kuusoma kama jambo la kwao. Mwalimu wa hisabati wa Kilwa Masoko naye ana bwawa la pembe nane ng'ambo ya mlango wa bahari, lenye umri wa miaka 700. Awavushe wanafunzi wake siku moja, wachukue kamba, walipime.